Wake Wenza wa Guku

Wiki iliyopita niliingia duka la vifaa vya ujenzi pale Katoro kununua koki ya bomba. Mwenye duka alikuwa amewasha vijiti vya udi, vile vya Kihindi, amevichomeka kwenye kiazi ulaya juu ya kaunta. Moshi uliponifika puani nikasahau koki. Nilimwona babu yangu, marehemu, ameketi juu ya gunia la sukari, kofia magotini, macho ameyafumba, anasikiliza mtoto wa watu. Na wivu ukanipanda palepale, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wawili, nimesimama katikati ya misumari na makopo ya rangi. Muuzaji akaniuliza mara mbili nataka koki ya nusu inchi au ya robo tatu.

Msinicheke bado. Ngojeni niwasimulie, kisha mtacheka mkijua mnachekea nini.

Nilikulia Tinde, pale barabara inapogawanyika, moja inakwenda Shinyanga na nyingine Kahama. Baba yangu, Mabula, alikuwa akifanya kazi chini ya ardhi Bulyanhulu, na mama aliwapikia wachimbaji wadogo huko huko. Waliona machimboni si mahali pa kulelea mtoto wa kike, wakanipeleka kwa babu na bibi. Babu nilimwita guku, kama Wasukuma tunavyowaita babu zetu. Watu wengine wote walimwita Mwalimu, maana alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na nusu ya watu wazima pale mjini walikuwa wamewahi kuchapwa naye.

Kwetu babu na mjukuu ni watani, na utani wenyewe mnaujua: mjukuu wa kike ni mke wa babu yake. Guku aliniita mke wangu tangu siku nilipoletwa nikiwa nimebebwa mgongoni. Bibi aliniita mke mwenzangu. "Mke mwenzangu," angesema, "mume wetu anataka maji ya kuoga, na leo ni zamu yako." Nilikuwa napeleka yale maji kwa majivuno, nusu yake yakimwagikia miguu yangu. Karanga za mfukoni mwa koti la guku zilikuwa zangu. Kigoda cha kulia kwake kilikuwa changu. Baba na mama nilikuwa nikiwaona kwa nadra, wakija na mikate na haraka zao, lakini guku alikuwepo kila nilipogeuka. Mtoto aliyeachwa kwa watu hujua kushikilia alicho nacho, na mimi nilikuwa na guku.

Sasa, guku huyo alikuwa na ugonjwa wake mmoja, na ugonjwa wenyewe ulikuwa lugha za kale. Katika ujana wake alisoma seminari. Alibakiza kidogo tu apate upadri, akamwona bibi yangu akipura mtama, na upadri ukaishia pale. Hadithi hiyo watu wa Tinde waliisimulia kwa kicheko, na bibi mwenyewe alikuwa akicheka nao. Lakini guku alipotoka seminari hakutoka mikono mitupu: alitoka na Kilatini chote na Kigiriki nusu. Miaka mingi baadaye padri mmoja mzee wa Kizungu, aliyekuwa akirudi kwao, akamwachia kitabu. Kilikuwa kinene, jalada la bluu lililotafunwa na mende, na ndani yake wataalamu walieleza kwa Kiingereza kigumu jinsi Kilatini, Kigiriki, Kijerumani, Kiajemi na Kisanskriti, lugha ya sala za Wahindi, zilivyozaliwa na lugha moja iliyokufa kabla binadamu hajajua kuandika.

Guku alinieleza mambo hayo nikiwa sijui hata kugawanya. "Huyo babu yao amekufa, hana hata kaburi," alisema. "Lakini ukiwaona wajukuu wote wana pua moja, mke wangu, utasema babu hakuwepo?" Akanionyesha mle kitabuni maneno yenye kinyota mbele yake. Kinyota, alisema, kina maana kwamba neno lile hakuna aliyelisikia likitamkwa wala aliyeliona limeandikwa, ila wataalamu wanajua lilikuwepo, kwa sababu limeacha alama kwa watoto wake wote. Nilivipenda vile vinyota. Nilidhani ndivyo vilivyokifanya kitabu kiwe na thamani, kama nyota za mabegani kwa askari.

Bibi hakukipenda kitabu. Hakuwahi kusema hivyo, angalia, lakini mezani hakikukaa. Guku akikiweka mezani, bibi alikuja na sufuria ya ugali, akakisogeza kwa kiwiko. Kilihamia juu ya kabati, kutoka kabatini kikahamia juu ya magunia ya mpunga, na kutoka huko kikahamia mahali popote ambapo bibi hakuwa na kazi napo. Akimwona guku anakitafuta, alikuwa akisema, "Mke mkubwa yuko kwenye mpunga." Sisi tulicheka. Ilikuwa mizaha ya nyumba yetu.

Guku alikuwa na jambo moja lililomkera katika elimu yake yote. Kisanskriti alikuwa amekisoma kwenye kitabu tu. Hakuwahi kukisikia kikitoka mdomoni mwa mtu. Alisema ni sawa na kuposa kwa picha.

Ikafika Desemba moja. Mangi, mwenye duka la jirani tulikokuwa tukinunua kila kitu, alikuwa amefunga na kwenda kwao Kilimanjaro kula Krismasi, kama Wachaga wote. Betri za redio zikaisha. Guku akanishika mkono tukaenda duka la Wahindi pale barabarani, tulilokuwa tunalipita tu bila kuingia. Ndani mlinukia udi, jira na vitambaa vipya. Mwenye duka alikuwa mama mzee mwembamba, miwani puani, sari ya rangi ya majivu, watu wote wakimwita Ba. Alizaliwa Shinyanga na Kisukuma alikuwa akikizungumza vizuri kuliko mimi. Alikuwa akimpimia mteja kitenge kwa kijiti cha yadi, akihesabu kwa lugha yake, polepole, kila yadi na namba yake: saat, aath, nav, das.

Guku akaniachia mkono.

"Septem, octo, novem, decem," akasema, kwa sauti ya kanisani.

Ba akainua macho juu ya miwani. Akarudi nyuma akahesabu tena, na guku akamfuata, yeye kwa Kigujarati chake na guku kwa Kilatini, mpaka mteja akauliza kitenge chake kimekuwa na yadi ngapi. Guku akauliza: katika sala zenu, baba mnamwitaje? Pita. Guku akamjibu: pater. Na mama? Mata. Mater! Na moto? Agni. Ignis! Akacheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la sukari bila kukaribishwa, akifuta machozi kwa kofia. Mimi nilikuwa nimezoea kumchekesha guku kila siku, kwa kuiga watu, kwa kuimba vibaya makusudi, lakini sikuwahi kumtoa kicheko kile. Mtu mwingine alikuwa amekitoa kwa kuhesabu tu.

Kulikuwa na msichana ameketi chini nyuma ya kaunta, akichambua dengu. Tulikuwa darasa moja shuleni, na mpaka siku hiyo sikuwa na neno naye. Aliitwa Nisha, mjukuu wa Ba.

Kuanzia hapo guku akawa anashinda kule kila alasiri. Ba alikuwa amefundishwa sala za Kisanskriti na babu yake, aliyekuwa mtu wa dini, na alikuwa anazijua kwa moyo, ndefu ndefu, nyingine bila kujua maana ya kila neno. Ila sauti yake ilikuwa imeanza kukatika kwa kikohozi, kwa hiyo alianza sala na Nisha akaimalizia. Guku aliketi kwenye gunia, akiandika nyuma ya kalenda kuukuu. Mara amsimamishe: "Rudia hapo." Nisha anarudia. Na guku anafumba macho.

Kile kitendo cha kufumba macho ndicho kilichonimaliza. Nami nilikuwa nimejifunza namba za Kilatini zote mpaka mia moja. Nilizikariri nikichota maji, nikifagia, nikienda chooni. Siku niliyomsomea guku ulimi haukuniteleza hata mara moja, na alinipigia makofi, akasema vizuri sana. Lakini macho yalikuwa wazi. Mimi nilikuwa mwanafunzi hodari. Nisha alikuwa hasomi chochote. Alifungua mdomo tu, huku anachambua dengu, na ndani yake mkatoka kitu alichokitafuta guku maisha yake yote. Mtu utashindanaje na hilo?

Halafu akamwita mke wangu mdogo. Alisema kwa uchangamfu, kama alivyozoea kusema kwangu, "Asante, mke wangu mdogo," akatia mkono mfukoni, na karanga zangu nikaziona zinamiminika kwenye kiganja cha Nisha. Nisha alikuwa mtoto wa Tinde, utani huo alikuwa akiujua, akajibu, "Karibu, mume wangu." Ba akacheka mpaka kikohozi kikampata. Nilitamani kile kikohozi kimshike Nisha. Wivu ni kidonda, wanasema. Changu kilianza kutunga usaha siku ile.

Siku moja, tukirudi nyumbani, nilimwuliza guku, "Na Kisukuma chetu? Kiko wapi kwenye ule ukoo?"

Alikuwa na kichwa kilichojaa mambo mengine. "Hapana," akasema. "Kisukuma hakimo. Hicho ni cha ukoo mwingine."

Alisema tu, kama mtu anayejibu bei ya nyanya. Lakini mimi nilikuwa na umri wa kuelewa kila kitu vibaya. Nikaona guku amepata ukoo wake wa kweli huko kwenye udi na dengu, ukoo wenye Kilatini na Kisanskriti na vinyota, na kwamba mimi na lugha yangu tumewekwa mlangoni kama viatu. Nilifika nyumbani nikalia kwenye kanga ya bibi. Bibi alikuwa akipepeta mchele, na hakuacha kupepeta. "Kaa hapa, mke mwenzangu," akasema. "Chambua hizi chuya. Hata mimi simo kwenye huo ukoo." Nilidhani ananibembeleza.

Alipoulizwa jioni mambo ya duka yakoje, guku alisimulia kwa furaha. Alisema wale watu wa kale, babu wa lugha zote zile, walikuwa watu wa ng'ombe. Neno la mali kwa Kilatini, pecunia, limetoka kwenye mifugo, pecus, na Ba naye mifugo anaiita pashu, na katika sala zao za zamani watu wanamwomba Mungu ng'ombe, ng'ombe, ng'ombe. Walioa kwa ng'ombe, wakaibiana ng'ombe, wakaimba walivyoibiana.

"Basi ni Wasukuma waliopotea njia," alisema bibi. Guku alicheka, akakiri ni hodari wa maneno. Mboga siku hiyo ilikuwa na chumvi kupita kiasi, kama ilivyokuwa siku nyingi mwezi ule. Jambo lingine: bibi hakuwahi kukanyaga duka la Ba. Mangi akiishiwa sukari, bibi alikunywa chai kavu.

Ba alikuwa na mpwa aliyeitwa Kirit, kijana aliyekuja kutoka India kumsaidia dukani kwa sababu ya kikohozi. Alikuwa mtu wa adabu, mwenye nywele zilizopakwa mafuta, na Kiswahili alikuwa akijifunza kutoka kwa wateja: bei gani, hakuna chenji, baba, mama, mke, watoto. Hapo ndipo alipokuwa amefikia.

Ilikuwa siku ya gulio, duka limejaa. Ba alikuwa nyuma, kwenye sala zake. Guku akaingia na mimi, na kwa kuwa alikuwa na furaha, na kwa kuwa hakuwahi kusema kwa sauti ndogo tangu siku za ualimu, akapaza sauti toka mlangoni: "Mke wangu mdogo yuko wapi? Nimemletea karanga!"

Nisha akatokea nyuma ya pazia, mbio, viganja amevikinga. "Niko hapa, mume wangu!"

Kirit aliacha kupima sukari. Nilimwona anaiweka ile kata chini polepole. Akaja mbele ya kaunta, akamsukuma Nisha nyuma yake, akampiga guku mkono na karanga zikatapakaa sakafuni. "Mzee mbaya!" akapiga kelele. "Huyu mtoto! Toka! Toka duka!" Nisha alikuwa akimvuta shati, akimwambia kwa lugha yao, lakini Kirit hakusikia chochote. Watu wa gulio walisimama na vikapu vyao. Wachache walianza kucheka, wakidhani ni utani juu ya utani, kisha wakaona uso wa guku wakanyamaza. Hakuna aliyewahi kumwambia Mwalimu toka. Aliweka kofia kichwani, akageuka, akatoka. Hata kalenda zake aliziacha.

Nilitembea nyuma yake nikibeba bakora yake. Mtanisamehe nikisema kweli: moyo wangu ulikuwa unacheza ngoma. Nilijua tumemaliza. Nilijua amerudi.

"Sitakanyaga pale tena," guku alimwambia bibi, na bibi akaenda kuchochea moto.

Na kweli hakukanyaga. Lakini hakurudi pia, si kwangu. Alikaa barazani ameupa mgongo barabara. Kitabu kilikaa kwenye mpunga na hakukiulizia. Nilikwenda kukaa kwenye kigoda changu cha kulia, sasa bila mpinzani, nikamwambia, "Mume wangu, leo nikuletee maji ya kuoga?"

"Kabula," akasema, "acha neno hilo. Neno hilo limenitia aibu mbele ya watu. Niite guku tu."

Nilikuwa nimeomba Nisha aachike, na guku alikuwa ametuacha sote kwa mpigo mmoja. Tangu hapo nikawa Kabula. Jina langu lenyewe, alilonipa yeye kwa sababu nilizaliwa siku ya mvua, likawa ndilo adhabu. Karanga hakununua tena. Kama mtu hajui ubaya wa wivu ni nini, mimi nitamwambia: ni kushinda, kisha kukuta ulichokuwa unashindania kimeondoka na aliyeshindwa.

Ba alijua siku ileile kilichotokea, na alimweleza Kirit mpaka akanyong'onyea. Lakini nyumba iliyomfukuza mzee mbele ya gulio haijui ianzie wapi. Walimtuma Nisha na bahasha ya vitamtamu. Alisimama nje ya uzio wetu, hakuita hodi, na mimi nilisimama ndani, sikumkaribisha. Tuliangaliana tu. Bibi akatoka, akaipokea, akamwambia, "Asante, mjukuu wangu. Waambie nyumbani ugomvi wa wakubwa haubebwi na mtoto." Guku hakuvigusa vile vitamtamu. Vikaliwa na sisimizi.

Asubuhi moja bibi alioga mapema, akajifunga kanga mpya, akaenda bandani akamkamata jogoo wake mweupe. Mwajua jogoo gani? Yule ambaye hakuchinjwa Krismasi, wala siku baba yangu alipokuja kutoka machimboni, kwa sababu bibi alikuwa akimpenda. Akamfunga miguu kwa kamba ya katani, akamtia kwapani.

"Vaa viatu, mke mwenzangu," akaniambia. "Twende tukamrudishie mume wetu mke wake."

Nilisema sitaki. Nilisema afadhali tukae hivi hivi. Bibi akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wangu, na jogoo akiwa kati yetu akinitolea jicho. "Umemwona anavyokaa?" akaniuliza. "Hicho kilichokaa pale barazani ni kiti, siyo mtu. Mimi sikuolewa na kiti."

Tukaenda. Alipofika kwenye ngazi za duka alisimama kidogo, akavuta pumzi kama mtu anayeingia mtoni, kisha akaingia duka la Ba kwa mara ya kwanza katika maisha yake.

"Mwadila, mayu," akamsalimu, na Ba akaitikia kwa Kisukuma chake kizuri, akatoka nyuma ya kaunta akishikilia miwani. Bibi hakuzunguka. "Mimi ni Mama Mabula, mke wa Mwalimu. Kwetu akikosewa mtu na akakosea mtu, ugomvi unaliwa na kuku mmoja, sahani moja. Nimemleta. Tumchinje, tule, yaishe."

Akamnyooshea Ba jogoo.

Ba alimtazama jogoo, jogoo akamtazama Ba. Kila mtu mzima Tinde alijua kwamba katika nyumba ile halijawahi kupikwa hata yai, sembuse nyama. Kila mtu mzima, isipokuwa mmoja aliyekataa maisha yake yote kuingia duka lile. Nisha alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi sikuelewa, nikadhani wanamdharau jogoo wetu, nikaanza kukasirika.

Ba akampokea. Akampakata kama mtoto mchanga, akafungua ile kamba ya katani kwa vidole vyake vyembamba. "Mama Mabula," akasema, "huyu ni mkubwa mno kuliwa. Atakaa nasi. Kila akiwika tutajua yameisha."

Kisha akasema neno kwa lugha yake, na Kirit akatoka kwenye kona alikojificha. Masikio yamemwiva. Akaja mpaka mbele ya bibi, akainama ghafla kumshika miguu. Bibi akaruka nyuma akanikanyaga kidole. "Yoo! Ananifanya nini huyu?"

"Anakuamkia," alisema Nisha, akicheka machozi yakimtoka. "Ndiyo shikamoo ya kwetu."

"Marahaba, marahaba," akasema bibi haraka, akivuta kanga. "Kumbe nyie miguu mnaishika kweli!" Duka zima likaangua kicheko, na Kirit mwenyewe akacheka, bila shaka bila kujua anacheka nini. Ndipo bibi akamgeukia Ba, na sauti yake ikashuka. "Mwalimu anapenda hizo sala zenu. Ataziandika mpaka afe, mwacheni aandike. Ila huyu wangu," na akanisukuma mbele, "naye awe na gunia lake la kukalia. Asikae mlangoni."

Guku alirudi dukani siku hiyohiyo. Bibi alimwambia tu, "Kalenda zako zinakungoja," akamshushia kitabu kutoka kwenye mpunga na kukipangusa vumbi kwa kanga mpya. Jioni guku aliporejea aliniita kutoka uani: "Mke wangu! Karanga!" Na nilikwenda, nawaambia, nilikwenda mbio.

Yule jogoo aliishi duka lile miaka mingi. Guku alimpa jina, Gallus, yaani jogoo kwa Kilatini, naye alikuwa akiwika juu ya magunia katikati ya sala, na Ba hakumkatiza. Mimi nilipata gunia langu, la mchele. Na nilipouliza tena juu ya Kisukuma, guku aliweka kalamu chini akanijibu vizuri: kwamba sisi nasi tuna ukoo wetu, mkubwa ajabu, ng'ombe wake wanaitwa ng'ombe kutoka kwetu mpaka kwa majirani wa mbali, na babu yake naye ana vinyota vyake; ila yeye mwenyewe, guku, ameshazeeka, hawezi kuwa na wake wengi hivyo. Wakati huo nilidhani ananikwepa. Leo nafundisha sekondari hapa Geita, na wanafunzi wangu Wazinza, Wasumbwa na Wasukuma nawapa kazi ya kuulizana wanaitaje moto, wanaitaje mvua. Nafanya hivyo kwa ajili ya guku. Nisha ndiye aliyeendelea na yale makubwa. Yuko chuo kikuu mbali huko, anasoma Kisanskriti na Kilatini kama mtu anayesoma gazeti, na hunitumia sauti kwenye simu akisema sala mpya aliyoipata. Nazisikiliza macho nimeyafumba. Wivu haujaisha. Umepoa tu, kama chai ambayo mtu bado anainywa.

Lakini kilichonisimamisha dukani Katoro hakikuwa Nisha. Alikuwa bibi.

Guku alipofariki, padri wa parokia alikuja nyumbani baada ya matanga, akasema kwa upole kwamba kitabu kile kingefaa kwenye maktaba ya seminari, hapa hakuna wa kukisoma. Wajomba na baba zangu wakaona ni sawa. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka na wajane wenzake. Hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la pili.

"Hapana, baba," akamwambia padri. "Mume akifa, mke mwenza hafukuzwi. Atabaki na mimi. Tutazeeka naye."

Watu walicheka, kama tulivyocheka siku zote, maana ndiyo ilikuwa mizaha ya nyumba yetu. Mimi sikucheka. Nilikumbuka chumvi kwenye mboga, na chai kavu, na kiwiko mezani, na mwanamke aliyesimama ngazini kwa mpinzani wake akivuta pumzi, jogoo anayempenda kwapani. Nilikuwa nimedhani katika nyumba ile mwenye wivu ni mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyelia.

Kitabu kiliwekwa kitandani kwake, upande aliokuwa akilala guku. Ndani yake mna maneno mengi yenye kinyota, ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia yakitamkwa. La bibi halimo, lakini lilikuwepo.